Kila gari nalitoa kasoro, na mume wangu amechoka kusubiri

Mshauri, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari nje ya shule ya wanangu, nasubiri kengele. Nyumbani siwezi. Wenzangu wanakuletea mambo ya ndoa na mirathi, mimi nakuletea habari za gari, na mume wangu akiona atasema hata barua ya ushauri nimeigeuza gereji.

Nina miaka 39, naishi Dar es Salaam na mume na watoto watatu. Nimekulia kwa mjomba wangu Makambako, yeye ni fundi, na mpaka leo gari likipita nyuma ya ukuta nakutajia injini yake. Natembelea Toyota Altezza RS200, ile ya gia sita za mkono, namba B. Si gari la kila mtu. Injini yake, 3S-GE, ina cc 1998 tu, lakini Yamaha walitia mkono kwenye kichwa chake, na ukiifikisha mizunguko elfu saba kwa dakika inaimba. Lilipotoka mwaka 1998 Wajapani wenyewe walilipatia tuzo ya gari bora la mwaka. Huu ni mwaka wangu wa tisa nalo.

Shida ni kwamba halitutoshi tena. Mtoto wa kwanza ana miaka 13, magoti yake nayasikia mgongoni nikiendesha. Mama mkwe anaishi Njombe, ndani kabisa, ukitoka lami una kama kilomita 20 za udongo. Miguu inamsumbua. Kuingia kwenye Altezza kwake ni kama kukaa mkekani, na kutoka tunamvuta watu wawili. Desemba iliyopita, tukiwa tumebakiza kona mbili kufika kwake, bampa la mbele lilibaki kwenye tuta la matope. Mume wangu alishuka, akaliokota, akalifuta kwa majani, akaliweka kwenye buti. Hakusema neno. Siku tunarudi pia hakusema neno.

Tukakubaliana tununue gari la juu la saizi ya kati, zile sisi watu wa magari tunaziita krosova, si saluni na si Land Cruiser. Tumekusanya milioni 65, akiba yake, yangu, na fedha zangu za vikoba. Akaniambia, "Wewe ndiye mjuzi, chagua." Hiyo ni miezi 14 iliyopita.

Nikafungua daftari. Harrier Anaconda, iliyoanza 2013: spea zake utadhani zinauzwa mpaka kwa muuza vocha, lakini gia ni CVT, zile za mkanda, ukikanyaga mafuta kelele inatangulia na gari linafuata baadaye. Harrier ya kuanzia 2020: imetulia barabarani, usukani unajibu, ila bei imetupita. Mazda CX-5 ya petroli: moyo wangu uko hapa, ina otomatiki ya gia sita za kweli na kona inaingia kama saluni, lakini mafundi wanaoijua vizuri ni wa kuhesabu. Subaru Forester: iko juu milimita 220, vioo vikubwa, injini imelala chini kwa hiyo haiyumbi, lakini nayo ni CVT. Nissan X-Trail: CVT tena. Kila Jumamosi asubuhi tunakutana kwa fundi wetu Tegeta, watu watano, mwanamke mimi peke yangu, na kila Jumamosi gari moja linakatwa kwa kalamu nyekundu.

Sasa nikueleze ambalo hao wa Tegeta siwaambii. Miaka mitatu iliyopita wifi yangu aliniomba nimchagulie gari. Nikamchagulia SUV ya dizeli. Jina silitaji. Inavuta kama lori na mafuta inanusa tu. Mwaka haukuisha, taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi, fundi wa mtaani akaizima, ikawaka tena. Chujio la masizi limeziba, oili imeingia dizeli, mwisho injini ikafunguliwa. Milioni saba na kitu. Akaliuza kwa hasara. Hajawahi kunigombeza, na hilo ndilo linaniuma zaidi. Lakini kwenye kila shughuli ya familia, hata tukizungumzia jiko la gesi, atasema, "Tumuulize mtaalamu wetu," na watu wanacheka. Na mimi nacheka.

Mwezi uliopita mume wangu kaniambia, "Mimi nataka Harrier tu, kama watu wote. Mwisho wa mwezi ujao nakwenda yadi na binamu." Huyo binamu gari anachagua kwa rangi. Kama watu wote! Mtu ambaye gari letu lenyewe hajawahi kuliendesha. Gia za mkono hajui. Alijaribu mara moja kwenye kiwanja kule Kawe, akalizima mara tatu, watoto wakacheka huko nyuma, akashuka akanipa ufunguo. Tangu siku hiyo safari zote naendesha mimi, mpaka Njombe, kilomita kama 700, yeye kakaa kushoto anamenya machungwa.

Mama mkwe anakuja wiki mbili zijazo kwa matibabu ya magoti, kwa hiyo muda umenibana. Je, nikubali Harrier kwa ajili ya amani? Nipiganie CX-5? Au nibaki na Altezza yangu tununue lingine la bei ya chini pembeni? Na nikichagua halafu likaharibika, uso wangu nitauweka wapi?

Mama Gia Sita, Dar es Salaam

Jibu

Marahaba, Mama Gia Sita.

Usiombe radhi kwa kuniletea habari za gari. Milioni 65 za watu wawili waliojinyima si habari ndogo, na mimi mwenyewe si mgeni sana huko. Marehemu mume wangu aliendesha malori kati ya Dar na Tunduma miaka 22. Nimelala na rejeta chumbani, iliyovuliwa usiku isiibiwe. Najua mtu anaweza kupenda chombo.

Nilivyokuelewa, una gari unalolipenda ambalo familia haienei tena. Una fedha. Una ujuzi ambao wengine wangeulipia. Na pamoja na yote hayo umekaa miezi 14 bila kuamua, mpaka mwenzako kaamua kwenda kununua na binamu wa rangi. Unaniuliza gari lipi. Nitafika kwenye magari, lakini uniruhusu nianze na wifi yako, maana naona miezi hiyo 14 ilianzia kwake.

Kisa chake nilimpelekea fundi mmoja ninayemwamini, nikamsimulia bila kutaja mtu. Alinieleza hivi: dizeli za kisasa zina chujio linalokamata masizi ya moshi, na chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma moshi ukipata moto wa kutosha. Moto huo unapatikana gari likitembea mwendo mrefu bila kukatizwa. Gari la kwenda shuleni, sokoni na kurudi, kwenye foleni zetu hizi, linaanza kujisafisha halafu linazimwa kabla halijamaliza. Kila likijaribu linamwaga dizeli ya ziada, nyingine inashukia kwenye oili. Wewe haya unayajua kuliko mimi, na ndiyo maana nataka kukuuliza kwa upole: siku ile unamchagulia, ulimuuliza anakwenda wapi kila siku? Barua yako imenieleza gari linavyovuta na linavyokunywa mafuta. Wifi mwenyewe anaishi wapi na anaendesha vipi, sikuona. Labda ulimuuliza, basi unisamehe. Kama hukumuuliza, gari linaweza kuwa lilikuwa zuri kabisa, kwa mtu wa Dar na Dodoma kila wiki.

Umeishi miaka mitatu ukiamini kwamba ujuzi wako ulikuwa wa uongo. Mimi nauliza tu kama ujuzi ulikuwepo, ila swali moja likasahaulika.

Maana daftari lako nimelisoma mara mbili nikitafuta magoti ya mama mkwe. Sikuyaona. Nimeona CVT mara tatu, nimeona kona, nimeona milimita 220. Mtoto wa miaka 13 sikumwona, na mume wako sikumwona kabisa. Kalamu yako nyekundu inauliza "je, mimi nitafurahi kuliendesha?" Ni swali halali, wewe ndiye dereva. Lakini kati ya Chalinze na Makambako una vijiji vingapi vya kilomita 50 kwa saa, na tochi ngapi? Hiyo mizunguko elfu saba unaifikisha wapi?

Sasa kuhusu mume wako. "Kama watu wote" umeisikia kama mtu asiyejua magari anayetaka kuonekana. Inawezekana. Wanaume wanaopenda Harrier kwa sababu ya jirani wapo, nami ninao ukoo mzima. Lakini umeniandikia pia kiwanja cha Kawe, watoto wakicheka, ufunguo ukirudi mkononi mwako, na miaka ya kukaa kushoto. Umeyaandika kama utani wa machungwa. Mimi sikuweza kuyapita. Huyu ni baba anayepelekwa kwa mama yake mzazi, mbele ya wanawe, na gari asiloweza kulisogeza hata kulitoa kwenye mvua. Halafu akashuka kwenye matope kuokota bampa. Labda "kama watu wote" maana yake ni gari ambalo na yeye anaweza kuwasha akaondoka. Au labda nimebuni, maana simjui na wewe ndiye unayelala naye. Muulize, lakini si Jumamosi ukitoka Tegeta, mikono bado inanuka grisi.

Turudi kwenye magari, nisije nikaonekana nakukwepa.

Ukisema Harrier Anaconda kwa ajili ya amani, amani utaipata siku ya kwanza. Injini ya cc 1987 haina makuu, fundi yeyote wa Ilala anaijua, na siku mkitaka kuuza hamtakaa nayo. Hatari yake naiona kwako. Mtu aliyekubali kwa kununa hukumbusha. Kila kelele ya CVT mlimani Kitonga utamgeukia umwangalie, na yeye atajua unachowaza. Kingine, mkiona bei mtandaoni Japani msiichukue kama bei ya Dar. Juu yake kuna ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya cc 1000 mpaka 2000, na gari lililofikisha miaka minane hadi kumi linaongezewa asilimia 15 za uchakavu, likizidi kumi 30. Ndiyo maana Anaconda ya miaka ya mwanzo, inayoonekana nafuu kwenye picha, inafika hapa bei imepaa. Ya yadini ushuru umeshalipwa, lakini huko kuna mchezo wa kilometa kurudishwa nyuma. Mwombe mwenye yadi karatasi ya mnada, ile gari liliyokaguliwa na kupewa daraja kule Japani, ulinganishe namba ya chasisi na kilometa. Ikiwa na daraja R, ujue gari liligongwa likatengenezwa. Hapo ndipo binamu hafai na wewe unafaa, na mume wako, akiwa ameshachagua aina, pengine atafurahi ukimlindia uchaguzi wake.

Ile ya 2020 umeiacha kwa bei. Fundi wangu anasema CVT yake ina gia ya kwanza ya meno kama gia za kawaida, kwa hiyo ile kero yako ya kelele kutangulia, angalau kwenye kuondoka, imepunguzwa. Lakini kuifikia ni mkopo. Mimi mikopo ya magari naiogopa, nakiri. Umewahi kuona mtu analipia gari ambalo limeshauzwa? Mimi nimeona.

CX-5 moyo wako uko huko, na moyo nao ni mtu wa familia. Kama una fundi mmoja mzuri Tegeta, hesabu ya mafundi inapungua uzito. Lakini fikiria siku imezima Iringa saa mbili usiku na wewe haupo, yupo yeye na watoto. Atampigia nani? Kama jibu ni wewe, basi gari hilo nalo ni lako peke yako, limebadilika umbo tu. Hilo si lazima liwe baya. Ni vizuri tu likasemwa kabla ya kulipa.

Forester nimeshangaa umeipita haraka. Siti iko juu, mlango mpana, vioo vinaonyesha kila kitu, na zile kilomita 20 za udongo wakati wa mvua inazielewa. Umeikata kwa herufi tatu. X-Trail umeikata hivyo hivyo, nami sina la kuitetea zaidi ya kwamba haikupewa hata nafasi ya kujitetea.

Halafu kuna njia yako ya tatu, ya kubaki na Altezza na kununua lingine la bei ya chini. Tuseme Toyota Vanguard, ina matoleo ya siti saba na iko juu. Injini yake ya cc 2362 inajulikana kwa kulamba oili ikizeeka, utaikagua mwenyewe. Fedha itabaki. Bima zitakuwa mbili, matairi seti mbili, na pale uani sijui kama panatosha. Lakini swali kubwa la njia hii haliko kwenye fedha. La familia litakuwa la otomatiki, kwa hiyo baba ataliendesha. Safari ya Njombe atataka kushika yeye, na ana haki. Uko tayari kukaa kushoto kilomita 700, umwangalie anapita lori mahali ambapo wewe usingepita, anashuka Kitonga na gia ambayo wewe usingeshukia, ukanyamaza, ukamenya machungwa? Usinijibu haraka. Mimi nilipanda lori na marehemu mara nne tu katika maisha yangu, na zote nne niligombana naye kabla ya Mikumi.

Uso wako utauweka wapi likiharibika? Gari lililotumika, la milioni 65 au la 20, siku moja litazima. Shokapu zitakwisha, bushi zitalia. Hilo si wewe umelisababisha. Najua wifi hatakubali maelezo hayo mezani kwenye sherehe, na sijui kama unahitaji ayakubali. Unaweza kwenda kwake siku ya kawaida, bila watu, umwulize gari lile lilimsumbua vipi, umsikilize bila kumweleza habari za chujio. Ni hatari: anaweza kufungua mdomo akakwambia yote aliyoyaweka miaka mitatu. Anaweza pia kukwambia kwamba utani wa mtaalamu aliuona ni utani tu, na wewe ukajikuta umebeba mzigo ambao yeye aliutua zamani. Kwenda au kutokwenda, hilo ni lako.

Mama mkwe anakuja wiki mbili zijazo. Kabla ya mwisho wa mwezi mnaweza kumpeleka yadi, wewe na mume wako, binamu akibaki nyumbani. Mwache mama aingie na kutoka kwenye kila gari mwenyewe, bila kushikwa, na uandike daftarini anaweka mkono wapi anapoinuka. Mtoto mrefu akae nyuma. Kwenye majaribio mume wako aanze kushika usukani, tena asiishie sheli ya jirani. Mwende mpaka kwenye foleni na kwenye barabara mbovu, wewe ukiwa kushoto. Baadaye mbadilishane. Magari mawili au matatu yanatosha, na jamaa wa Tegeta wasikilizwe baada ya hapo, si kabla. Mkitoka hapo mkiwa bado hamkubaliani, angalau mtakuwa mnabishana juu ya kitu mlichokikalia wote.

Na Altezza, vyovyote mtakavyoamua, usiiuze wiki hiyo hiyo. Jumapili moja alfajiri, watoto wakiwa wamelala, mnaweza kurudi Kawe wawili tu. Klachi mtu hufundishwa taratibu, na mwalimu mzuri yupo.

Niandikie mama akisharudi Njombe. Nataka kujua alikaa siti ipi, na safari hii machungwa alimenya nani.